Friji lilizima, nani alikuwepo?

Haya wadau, nimepotea kama wiki mbili hivi, mnisamehe. Kozi zilinibana, halafu na nyumbani nako kulikuwa na jambo. Jambo lenyewe ndilo limenifanya nikeshe usiku huu naandika badala ya kusoma testi ya Jumatatu. Ni habari ya friji. Msicheke kwanza.

Ilikuwa hivi. Mama na bibi walienda msibani Korogwe. Walifunga nyumba Ijumaa asubuhi, wakarudi Jumapili jioni. Walipofika walikuta umeme upo, friji linanguruma kama kawaida, ukifungua mlango unapigwa na baridi. Mama akatoa dawa ya bibi, insulini ya kisukari, akaishika, baridi kabisa. Kila kitu sawa. Kilichomshtua ni barafu. Mama anauza barafu za mifuko, na kabla ya safari aliipanga mifuko imesimama safi kwenye friza, kila mmoja peke yake. Sasa aliikuta imelala bapa, imegandana, imechukua umbo la shelfu kama mtu aliyeimwaga hapo. Yaani iliyeyuka yote, ikaganda upya.

Simu ikaja. "Mwanangu, wewe si uko chuo huko? Niambie basi, hii dawa nimchome bibi yako au nisimchome?"

Jamani, mimi nasoma historia. Nilikaa kimya na simu sikioni. Maana swali lake halikuwa "friji lina baridi kiasi gani?" Hilo hata mkono wake ulishalijibu. Swali lake lilikuwa "friji lilikuwaje tulipokuwa hatupo?" Na friji halisemi hilo. Friji linakuonyesha lilivyo sasa hivi, basi. Ni kama mlinzi aliyelala usiku kucha halafu asubuhi akakusalimia amesimama wima.

Muuguzi jirani yetu ndiye aliyetusaidia usiku ule, nitafika huko. Lakini mimi lile swali lilinikaa kichwani. Nikaenda maktaba, nikaanza kusoma watu walivyohangaika kujua joto la mahali ambapo wao hawapo. Nimegundua ni hadithi ndefu, na wanafunzi wamo, tena si mara moja.

Tuanze na meli.

Mwaka 1860 mhandisi William Siemens, Mjerumani aliyehamia Uingereza, alikuwa akishughulikia waya wa telegrafu uliotengenezwa ili ulazwe chini ya bahari kati ya Rangoon na Singapore. Waya ule ulikuwa umeviringwa kwenye tumbo la meli, maili kwa maili. Wasiwasi wake ulikuwa joto, kwa sababu waya ulifunikwa kwa gutta-percha, utomvu wa mti ambao ukipata joto unalainika, na ukilainika waya umeharibika. Sasa utachomekaje kipimajoto cha zebaki katikati ya rundo kama lile, halafu ukisomeje?

Siemens alijua jambo moja: waya wa shaba ukipata joto, umeme unapita kwa shida zaidi. Akapitisha koili za waya katikati ya rundo, ncha zikabaki nje. Akawa anapima ile shida ya umeme kupita na kwa hesabu anapata joto. Vipimo vikasema katikati joto linapanda. Wenzake hawakuamini, kwa nje rundo lilikuwa baridi tu. Wakamwaga maji baridi juu ya rundo. Yalipotokea chini yalikuwa ya vuguvugu!

Hapo ndipo penye mzizi wa mambo yote haya. Kile kidude kidogo kinachowekwa leo ndani ya friji na kutuma habari kwenye simu yako kinafanya kazi kwa wazo lilelile. Joto linabadilisha umeme, umeme unasafiri kwenye waya, na mtu anasoma akiwa mbali.

Lakini kujua ni kitu kimoja, kuwa na uwezo wa kufanya kitu ni kingine. Mwaka 1873 James Harrison, mtu wa Australia aliyekuwa amevumbua mitambo ya kutengeneza barafu, alipakia nyama kwenye meli iitwayo Norfolk ipelekwe London. Njiani ubaridi ulishindwa, nyama ikaoza, na Harrison akafilisika. Miaka tisa baadaye, Februari 1882, meli Dunedin iliondoka Port Chalmers, New Zealand, ikiwa na mizoga karibu 5,000, wengi kondoo, na mtambo wa kugandisha. Ilipofika kwenye joto la tropiki, nahodha Whitson aligundua hewa ya baridi haizunguki sawasawa. Kujua hali halisi kulimlazimu aingie mwenyewe. Akatambaa ndani kwenye njia za hewa akatoboa matundu mapya. Baridi ikamzidi nguvu kule ndani, na mabaharia wakamvuta nje kwa kamba. Safari ilichukua siku 98. Ilipofika London ni mzoga mmoja tu uliokataliwa.

Ukinauliza, Whitson alikuwa kipimajoto cha mbali kwa kumgeuza binadamu kuwa kifaa. Alijifunga kamba badala ya waya.

Sasa turudi majumbani, maana habari yetu ni ya jikoni.

Kabla ya friji la umeme, Marekani watu walikuwa na kabati la barafu. Ni sanduku la mbao, juu unaweka bonge la barafu, chini unaweka maziwa na nyama. Barafu ilipitishwa na muuzaji mwenye gari la farasi. Sasa angejuaje nani anahitaji? Akina mama walitundika kadi dirishani yenye namba 25, 50, 75 au 100, yaani ratili ngapi za barafu wanataka. Muuzaji yuko barabarani, anasoma dirisha, anajua hali ya kabati la jikoni bila kubisha hodi. Mimi naona huo ni ujumbe mfupi wa maneno kabisa, ila umeandikwa kwenye kadi.

Friji za umeme za nyumbani zikaanza kuuzwa. DOMELRE ilitokea Chicago mwaka 1913, na mwaka 1927 kampuni ya General Electric ikatoa Monitor Top, ile yenye kompresa ya duara juu kama kofia, iliyouzwa zaidi ya milioni moja. Ndani yake mna themostati. Kazi ya themostati ni rahisi: joto likipanda inawasha kompresa, likishuka inazima. Wazo lenyewe ni la zamani mno, Mholanzi Cornelis Drebbel alitengeneza kitu cha namna hiyo kwa ajili ya kuangulia vifaranga huko mwanzoni mwa miaka ya 1600.

Ila angalia tabia ya themostati. Inajua sasa tu. Haina daftari. Umeme ukikatika saa kumi usiku, yenyewe inakufa pamoja na friji, na umeme ukirudi inafufuka bila kukumbuka chochote. Miaka zaidi ya mia moja ya friji za majumbani, na hadi leo friji la mama yangu linaishi hivyo hivyo.

Kuna friji lingine ambalo wazee wetu wanalikumbuka, lile la mafuta ya taa. Unajua nani walilibuni? Wanafunzi! Baltzar von Platen na Carl Munters walikuwa wanasoma chuo cha ufundi cha Stockholm, Sweden, walipobuni mwaka 1922 friji lisilo na kompresa, linalotumia joto kutengeneza baridi. Electrolux wakaanza kuliuza mwaka 1925. Kwa kuwa lilihitaji moto tu, lilifika mahali ambapo umeme haujafika, hadi kwenye hospitali za misheni na zahanati za vijijini Afrika, likatunza chanjo. Na lenyewe lilikuwa na dalili yake, rangi ya moto. Mwali wa bluu, friji linafanya kazi. Ukigeuka njano na kutoa masizi, utambi unataka kukatwa. Lakini ilibidi uwepo. Uiname, uchungulie. Ukienda msibani siku mbili, mwali hauna wa kukueleza.

Sasa kuna sehemu moja ya hadithi hii ambayo watu wengi wanairuka, nayo ndiyo iliyonifumbua macho. Mwaka 1948 watafiti wa serikali ya Marekani huko Albany, California, walianza kazi kubwa juu ya vyakula vilivyogandishwa. Walitaka kujua chakula kinaharibikaje kati ya kiwanda na mezani. Walichokiona ni kwamba uharibifu unajumlishwa. Saa chache za joto huku, siku moja ya joto kule, zote zinaingia kwenye hesabu moja, na ukirudisha baridi hesabu haifutiki. Unasimamisha tu deni lisiongezeke, deni lenyewe liko palepale. Friza nzuri ya nyumbani inatakiwa iwe nyuzi 18 chini ya sifuri, na friji la kawaida lisizidi nyuzi 4. Ila hizo namba ni za kila saa, si za saa ile unayofungua mlango.

Hapo nikamwelewa mama. Barafu yake ilikuwa imeganda vizuri sana. Namba ilikuwa sahihi. Deni ndilo hatukulijua.

Haya, tufike kwa wanafunzi wenzetu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mwaka 1982 ndio unaotajwa sana, wanafunzi wa kompyuta wa Carnegie Mellon, Pittsburgh, walikuwa na mashine ya soda ghorofa ya tatu katika jengo la Wean Hall. Mashine inauza soda za chupa. Shida ni kwamba ofisi za baadhi yao zilikuwa mbali, unashuka ngazi na kukata korido, unafika unakuta mashine tupu. Au mbaya zaidi, imejazwa sasa hivi, unatoa sarafu zako unapata soda ya moto. Kila mwanachuo anajua uchungu huo.

Mwanafunzi mmoja wa shahada ya juu, David Nichols, akaona hapana. Yeye na wenzake wakaunganisha waya kutoka kwenye mashine hadi kwenye kompyuta kuu ya idara, wakaandika programu ya kuangalia kila safu ya chupa. Ukiuliza kwenye kompyuta yako, inakujibu: safu hii tupu, hii chupa zina saa moja tangu ziingie, hii baridi. Na kwa kuwa kompyuta ile ilikuwa kwenye ARPANET, mtandao uliokuja kuzaa intaneti, mtu aliyekuwa mji mwingine kabisa angeweza kuuliza kama soda za Pittsburgh ni baridi. Ndiyo maana mashine ile hutajwa kati ya vifaa vya kwanza kabisa visivyo kompyuta kuonekana kwenye mtandao.

Watu wengi hadithi wanaishia hapo, wanacheka, wanasema wavivu wale wamezaa teknolojia. Mimi nilisoma mara mbili nikashtuka: ndani ya ile mashine hawakuweka kipimajoto! Walipima muda. Chupa ikishakaa humo kwa muda wa saa 3, programu inaandika kwamba ni baridi. Ni werevu kweli, kwa sababu kilichowasumbua ni historia ya chupa, imeingia lini, imekaa muda gani. Walikuwa na daftari ambalo themostati haina.

Lakini daftari lao lilikuwa na tundu. Mashine ingechomolewa kwenye umeme, programu ingeendelea kuhesabu muda wake na kuandika baridi, baridi, baridi. Walijua muda bila kujua joto. Friji la mama linajua joto bila kujua muda. Ukikosa kimoja kati ya hivyo viwili, hujui kitu.

Waliofaulu kuviweka pamoja ni watu wa chanjo, na walifanya hivyo bila waya hata mmoja.

Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango mkubwa wa chanjo mwaka 1974. Chanjo nyingi zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8, kuanzia kiwandani, kwenye ndege, kwenye bohari, kwenye friji la wilaya, hadi kwenye lile boksi la bluu ambalo muuguzi analining'iniza begani. Wanaita mnyororo wa baridi. Kwa miaka mingi usalama wake ulitegemea karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa friji, muuguzi anaandika nyuzi asubuhi, anaandika tena jioni, hata sikukuu. Kazi ya nidhamu kubwa. Ila kipimo cha asubuhi na cha jioni hakisemi usiku kulitokea nini.

Mwaka 1996 chanjo ya matone ya polio ikaanza kuja na kibandiko kidogo kwenye kichupa. Ni duara lenye mraba katikati. Mraba unaanza ukiwa mweupe mweupe. Joto linaubadilisha kidogo kidogo, joto kali haraka, joto dogo taratibu, na rangi hairudi nyuma hata ukikiweka kichupa kwenye barafu. Mraba ukifanana na duara au ukiwa mweusi zaidi, kichupa kinatupwa. Basi. Muuguzi wa kijijini anasoma kwa jicho historia nzima ya joto la kichupa kile tangu kiwandani. Deni lote limeandikwa pale.

Kinachofurahisha ni kwamba vibandiko hivyo viliokoa dawa pia, si kuitupa tu. Zamani umeme ukikatika siku moja, watu walitupa kila kitu kwa hofu. Sasa mraba ukiwa bado mweupe, chanjo inatumika.

Ila nacho kibandiko kina upofu wake. Hakioni kuganda. Na kuna chanjo ambazo zikiganda zimekufa, kama ya pepopunda na ya homa ya ini B. Unaweza kuwa na mraba mweupe pee na chanjo mfu. Ndiyo maana friji za chanjo siku hizi zinawekewa vifaa vidogo vinavyotunza rekodi ya siku 30 zilizopita, vinavyosema joto lilipanda lini, likashuka lini, kwa muda gani. Vingine vinatuma ujumbe kwenye simu ya msimamizi mambo yakiharibika.

Mwaka 2000, wakati watu wa chanjo wanahangaika na kibandiko, LG ikatoa friji la kwanza la intaneti. Bei yake ilizidi dola 20,000. Lilikuwa na skrini mlangoni. Watu hawakununua. Nadhani nawaelewa, nani alikuwa na shida ya kusoma barua pepe kwenye friji? Shida ilikuwa umeme ukikatika ukiwa Korogwe.

Leo mambo yamekuwa rahisi. Rafiki yangu wa uhandisi hapa hosteli alinionyesha sensa ya joto (si ile ya kuhesabu watu), kijiti cha chuma chenye waya, unaingia mfukoni. Inaunganishwa na kibodi kidogo chenye uwezo wa kutuma habari kwa intaneti au kwa laini ya simu. Nikamwambia tuifunge nyumbani, mama atulie. Akanipa somo la nusu saa, nawapa kwa kifupi maana lina mambo ambayo ukiyakosea unajidanganya.

Moja, friji ni sanduku la chuma. Mawimbi ya redio yanapita kwa taabu. Bora kidude kinachotuma kikae nje, waya mwembamba uingie kupitia mpira wa mlango.

Mbili, usipime hewa. Ukifungua mlango hewa inapata joto mara moja, lakini maziwa bado ni baridi. Kidude kitakupigia kelele kila mtu akitoa maji ya kunywa, na baada ya wiki utakizima. Itumbukize sensa kwenye chupa ndogo ya maji, hapo itahisi kama chakula kinavyohisi.

Tatu, kwenye friza usitegemee namba tu. Umeme ukikatika, joto litapanda hadi karibu na sifuri halafu litasimama hapo masaa kwa masaa. Ukitazama simu utasema afadhali, limetulia. Halijatulia! Barafu ndiyo inayeyuka, na inapoyeyuka inameza joto bila joto lenyewe kupanda. Barafu ni akiba, na hapo inatumika. Ndiyo maana friza iliyojaa, mlango ukifungwa, inavumilia kama saa 48, iliyojaa nusu kama 24, na friji la chini kama saa 4 tu.

Nne, na hili ndilo lililonigusa. Umeme ukikatika, modemu ya intaneti nayo inazima. Kidude kinachotegemea umeme uleule kitanyamaza wakati uleule unaokihitaji. Wewe utakaa na simu yako, hakuna ujumbe wa hatari, utafikiri salama. Kwa hiyo mtambo mzuri haungoji kulia shida ikitokea. Unatuma salamu kila baada ya muda, nzima, nzima, nzima, na salamu zikikatika huku upande wako ndiyo kengele inalia. Kimya ndiyo habari.

Nilicheka, maana ndivyo tunavyoishi na wazazi wetu. Mama hanipigii kuniambia kuna shida. Ninajua kuna shida pale anaponyamaza.

Sasa turudi kwa bibi.

Insulini iligunduliwa Toronto mwaka 1921, na Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa wa kwanza kutibiwa nayo. Kabla ya hapo kisukari cha namna yake kilikuwa hukumu ya kifo. Tangu hapo amri imekuwa moja: weka kwenye friji. Amri hiyo imewatesa wengi wasio na friji. Kisha mwaka 2021 ukachapishwa utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva. Walianzia Dagahaley, moja ya kambi za wakimbizi za Dadaab, kaskazini mwa Kenya. Walipima joto ndani ya nyumba za watu wenyewe, wakakuta linakwenda kati ya nyuzi 25 usiku na 37 mchana. Kisha maabara wakaiweka insulini kwenye joto hilohilo, lipande na lishuke vilevile, kwa wiki 4. Nguvu yake haikutofautiana na ile iliyokaa kwenye baridi.

Nilisoma hapo nikaweka karatasi chini. Miaka mia moja amri ilikuwepo, na jambo lililoibadilisha ni mtu kuacha kipimajoto ndani ya nyumba ya mkimbizi na kuandika kinachotokea wakati daktari hayupo.

Na jirani yetu muuguzi, usiku ule wa Jumapili, alisema jambo lilelile kwa lugha ya nyumbani. Alimwambia mama, "Dada, siku mbili za joto hazinitishi sana. Nionyeshe vichupa vilikaa wapi." Kimoja kilikuwa mlangoni. Kingine kilikuwa kimesukumwa nyuma kabisa, kimegusa lile bati lenye barafu. Akasema cha nyuma kitupwe, kwa sababu friji lilipowaka upya lilipuliza baridi bila kusimama, na hakuna awezaye kuapa kwamba hakikuganda. Insulini ikiganda imekwisha, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Cha mlangoni akakiangalia kwenye taa, hakina chembe, akasema kitumike huku akimpima bibi sukari kila siku, na Jumatatu waende zahanati. Walikwenda. Sukari haikupanda.

Kumbe hatari tuliyoiogopa, joto, haikuwa yenyewe. Yenyewe ilikuwa baridi, ile iliyotupokea mlangoni tukasema afadhali.

Kile kidude cha rafiki yangu bado hatujakifunga, tunangoja bumu. Kwa sasa nimemfundisha mama mtambo wa bure. Unajaza kikombe maji, unagandisha, unaweka sarafu juu ya barafu, unakirudisha kwenye friza. Ukitoka safari unatazama. Sarafu iko juu, hakuna kilichoyeyuka. Iko katikati, kuna kitu. Iko chini kabisa, kila kitu kiliyeyuka hata kama sasa kimeganda. Haisemi lini, haisemi friji la chini lilikuwaje, na hainitumii ujumbe mimi niliye mbali. Lakini inakumbuka, na hilo tu friji zima haliwezi.

Bibi aliposikia akaniuliza kwenye simu, "Mjukuu wangu, yaani chuo kikuu wamekufundisha kuweka shilingi kwenye barafu?" Nikasema ndiyo, bibi, shikamoo.

Jana walikwenda tena Korogwe, kuanua matanga. Leo saa moja usiku mama kanipigia kabla hata hajavua viatu. Sikumsalimia vizuri, nikauliza tu.

"Iko juu," akasema.

Haya jamani, niishie hapo, testi inanisubiri. Ila ukipiga nyumbani leo, waulize friji lao lina kikombe cha sarafu. Watakucheka kama mimi nilivyochekwa. Waache wacheke, halafu waambie waweke.